Kikuza sauti cha mfukoni: Kinamfaa nani, na kina hatari gani?

ABIRIA anayepanda matatu Mumbuni asubuhi kuelekea mjini Machakos hatakosa kumwona kijana aliyeziba masikio kwa visikilizi, kichwa kikitikisika kwa mdundo ambao jirani yake hausikii. Desturi hii ilienea baada ya kampuni ya Sony ya Japani kuzindua Walkman, kicheza kanda kidogo, mwaka wa 1979. Mwaka wa 2001 ilikuja iPod, na leo kazi hiyo kwa wengi hufanywa na simu.

Pamoja na vyombo hivyo kuna kifaa kingine ambacho wapenzi wa muziki hushawishika kukinunua. Nacho ni kikuza sauti cha mfukoni, yaani amplifaya ndogo inayotumia betri na kuunganishwa kati ya kicheza muziki na visikilizi. Husifiwa kwamba huufanya muziki uwe mtamu zaidi. Je, sifa hizo ni za kweli?

Jibu linategemea kile unachovaa masikioni. Kila kisikilizi kina ukinzani wake dhidi ya umeme, ambao hupimwa kwa omu. Visikilizi vidogo vya kutumbukiza sikioni aghalabu huwa na omu 16 hadi 32. Kwa upande mwingine, zipo hedifoni kubwa zilizokusudiwa studio au kusikilizwa nyumbani, kama vile Sennheiser HD 600, ambayo ina omu 300.

Tuseme kicheza muziki chako kinaweza kutoa volti 1. Kikiunganishwa na visikilizi vya omu 32, hutoa nguvu ya takriban miliwati 31. Kikiunganishwa na hedifoni ya omu 300, nguvu hiyo hushuka hadi miliwati 3 na ushei. Hapo ndipo msikilizaji hupandisha sauti hadi mwisho na bado akaona muziki umedorora, ngoma hazina kishindo.

Mkazi wa Mumbuni anayetazama vilima vya Iveti ataelewa jambo hili upesi. Pampu ndogo itapeleka maji shambani bondeni bila taabu, lakini haitayafikisha kileleni. Anayelima bondeni hana haja ya pampu kubwa. Anayelima mlimani hana budi kuitafuta. Kikuza sauti ndiyo pampu hiyo kubwa. Humfaa mwenye hedifoni nzito, ilhali mwenye visikilizi vya kawaida hupata faida ndogo mno, au asipate kabisa. Pengine hata atasikia mchakacho ambao hapo awali haukuwapo, kwa kuwa visikilizi vyepesi hudaka kila kelele ya umeme.

Aidha, pampu haisafishi maji. Chukua mfano wa nyimbo za marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka wa 1987, na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Zilitolewa enzi za santuri, na nakala nyingi tunazosikiliza leo zimepitia kwenye kanda kabla ya kuingizwa katika kompyuta. Kila hatua iliacha doa. Isitoshe, faili ya MP3 hupunguzwa ukubwa kwa kuacha nje sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Ikibanwa kupita kiasi, matoazi husikika kama mchanga unaomwagwa. Kilichokwisha kupotea hakiwezi kurudishwa na kikuza sauti. Kitakachokuzwa ni gitaa pamoja na kasoro zake.

Anayekihitaji kwa dhati ana mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, ashushe sauti ya kikuza sauti hadi chini kabisa kabla ya kuvaa hedifoni. Iwapo kicheza muziki kina tundu maalumu la kupeleka sauti kwenye mitambo mingine, atumie hilo badala ya lile la visikilizi. Kama halipo, apandishe sauti ya kicheza muziki hadi robo tatu hivi, isije ikakwaruza, kisha aongeze ya kikuza sauti polepole. Penye swichi ya kuchagua nguvu, aanze na ndogo.

Simu nyingi za sasa hazina tundu la visikilizi. Apple ililiondoa kuanzia iPhone 7 mwaka wa 2016. Simu za aina hiyo huhitaji kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la chaji, ambacho hugeuza tarakimu kuwa sauti na kuikuza papo hapo. Navyo visikilizi visivyo na waya vina kikuza sauti chake ndani, hivyo kuvinunulia kingine ni kupoteza fedha.

Hata hivyo, hasara ya fedha si kitu mbele ya hasara ya masikio. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilionya kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kutokana na muziki wa sauti ya juu na kelele nyingine za burudani. Kwa mujibu wa shirika hilo, sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4 tu.

Mwenye visikilizi vyepesi akiviunganisha na kikuza sauti ndani ya matatu yenye kelele anaweza kuvuka kiwango hicho bila kujua. Dawa ya kelele za garini si kuongeza nguvu, bali ni visikilizi vinavyoziba sikio barabara ili sauti ndogo itoshe.

Vinyweleo vilivyomo ndani ya sikio, ambavyo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo, vikifa havioti tena. Kikuza sauti hununuliwa dukani na kikiharibika hupatikana kingine. Sikio halina duka. Kabla ya kutoa fedha zako, msomaji, tazama kwanza omu za visikilizi ulivyonavyo. Huenda pampu uliyo nayo inatosha.