Uozo Usio na Tundu: Istilahi za Upimaji wa Meno kwa Nuru

Wafasiri wa maandishi ya afya wamezoea kulitumia neno "tundu" kila wakutanapo na ugonjwa wa kuoza meno. Mazoea hayo hayakuleta madhara makubwa maadamu uozo uligunduliwa pale tu jino lilipokwisha kutoboka. Siku hizi upo upimaji uuonyeshao uozo kabla ya tundu kutokea, na hapo neno hilo humpotosha msomaji.

Upimaji wenyewe ni huu. Nuru ya infraredi, ambayo jicho haliioni, humulikwa kwenye ufizi pande zote mbili za jino, ikapenya hadi ndani ya jino lenyewe; kamera ndogo iliyowekwa juu yake hupiga picha. Vipo vyombo vitumiavyo nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. Enameli, yaani gamba gumu la nje, ikiwa nzima huipitisha nuru hiyo. Ikiwa imepoteza madini huitawanya, na mahali pale huonekana kivuli cheusi. Asili ya mbinu hii si ya jana: mwaka 1970 jarida la madaktari wa meno wa Marekani lilikwisha kueleza namna ya kumulika kinywa kwa nyuzi zipitishazo nuru. Sisi twaiita "upenyezaji nuru".

Kivuli hicho si tundu. Uozo ulioishia katika enameli, ambao uso wake haujabomoka, waweza kusimamishwa kwa dawa ya floraidi na usafi, bila kuchonga jino. Mgonjwa aliyeandikiwa kwamba gego lake "lina tundu" atadai lizibwe, au, kama ilivyo desturi kwa wengi wetu, ling'olewe. Kwa hiyo twapendekeza "uozo" liwe jina la ugonjwa wote, "uozo wa awali" liwe la hatua hii, na "tundu" libaki kwa jino lililotoboka kweli.

Neno "mwanya" nalo lina mtego. Uozo huu hujificha mahali meno yanapogusana, ambapo hapana nafasi hata kidogo. Mwanya, kama ajuavyo kila mshairi, ni uwazi uonekanao, tena ni pambo. Yafaa kusema "uozo wa baina ya meno".

Limebaki neno "mionzi". Mwanafizikia atatuambia kwamba infraredi nayo ni mionzi, na hatubishani naye. Lakini katika kijikaratasi cha hospitali, mama mjamzito alisomapo neno hilo hufikiri eksirei. Humo tuandike "nuru". Eksirei yenyewe haijaondolewa kazini, kwani upenyezaji nuru hauonyeshi vizuri jinsi uozo ulivyokikaribia kiini cha jino, wala hali ya mzizi. Mfasiri asiandike, basi, kwamba chombo kipya "kimechukua nafasi" ya eksirei. Aandike kwamba "huisaidia".