Plagi inayoingia siyo lazima iwe inayofaa

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa njiani kuelekea Chalinze kwenye harusi ya jamaa: mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, ndani ya Subaru Forester ya mwaka 2003 yenye turbo. Tulipokwisha kupita Mlandizi nilitaka kulipita lori lililokuwa likijikokota mbele yetu. Barabara ilikuwa wazi. Nilipokanyaga mafuta gari lilinguruma, likatetemeka mara mbili tatu, kisha likakata nguvu. Lori lilikuwa ubavuni mwetu, na kwa mbali basi lilikuwa likija.

Alhamdulillah, nilipunguza mwendo nikarudi nyuma ya lori kabla basi halijafika. Hakuna aliyeumia. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno ndani ya gari lile, na mpaka tunafika harusini mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimebadilisha plagi. Ofisi yangu iko Posta, na saa ya mapumziko nilitembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, nikaingia duka la kwanza la spea nililoliona halina foleni. Nilitaja aina ya gari tu. Kijana wa dukani akatoa vikebe vinne. Nilipomuuliza kama ndizo zenyewe, akajibu kwa upole, "Zinaingia hizi, mzee. Namba ni hiyo hiyo sita." Bei ilikuwa nafuu, nami nikashukuru.

Jumatatu nililipeleka gari kwa fundi mmoja mtu mzima upande wa Gerezani. Alifungua plagi moja, akaiweka kiganjani karibu na ile ya zamani ambayo, kwa bahati, sikuwa nimeitupa. Kwa macho yangu zilikuwa pacha. "Kuingia zimeingia," akasema, "lakini hizi si za turbo." Katika maneno hayo limo somo ambalo naona kila familia yenye gari la aina hii inalihitaji.

Plagi zangu mpya ziliandikwa BKR6E-11. Za zamani ziliandikwa PFR6G, ambazo ndizo zilizopangwa kwa Forester nyingi za turbo za wakati ule. Zote ni za NGK, kampuni iliyoanzishwa Nagoya, Japan, mwaka 1936. Zote zina unene wa milimita 14, urefu wa nyuzi wa milimita 19, na hufunguliwa kwa spana ya milimita 16. Namba 6 ipo kwa zote mbili. Tofauti ilikuwa katika ile 11 ya mwisho, ambayo maana yake ni kwamba uwazi wa kurukia cheche ni milimita 1.1. Plagi ya zamani uwazi wake hauzidi milimita 0.8.

Milimita 0.3 ni kitu gani? Kwa gari lisilo na turbo, pengine si kitu. Lakini kazi ya turbo ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo umeme unavyopata taabu kuruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Mwendo wa taratibu mjini, turbo ikiwa bado haijasukuma, cheche inaruka vizuri na dereva haoni kasoro yoyote. Siku anayokanyaga mafuta kwa nguvu ili apite lori, shinikizo linapanda, cheche inashindwa kuruka, na injini inaanza kumisi, kama wasemavyo mafundi. Ndiyo kusema kwamba kasoro hii hujificha siku za salama na kujitokeza saa ya hatari. Koili zilizozeeka, ambazo magari mengi ya umri huu ndizo yaliyonazo, huongeza ubovu huo. Aidha, petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye bomba la moshi na kuharibu vilivyomo.

Jambo la pili ni joto. Kila plagi ina kiwango chake cha kuondoa joto kutoka kwenye ncha. Inayoondoa haraka huitwa ya baridi, na inayochelewa huitwa ya moto. Ncha ikishindwa kufika takriban nyuzi 450 za Selsiasi, haiwezi kujisafisha, na masizi huiganda. Ikizidi takriban 800, huweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na kwenye injini ya turbo kosa hilo laweza kutoboa pistoni. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi: 6 ya NGK inakaribiana na 20 ya Denso, na 7 inakaribiana na 22. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume, namba kubwa ni ya moto zaidi. Basi asije mtu akalinganisha namba za makampuni mawili akadhani zinasema lugha moja.

Wapo vijana wanaoshauri kwamba kila turbo ifungwe plagi ya baridi sana, namba 8 au zaidi, kwa sababu ndizo za magari ya mashindano. Ushauri huo una mahali pake, ila si kwenye gari linaloshinda foleni ya Barabara ya Morogoro asubuhi na jioni. Huko ncha haipati joto la kutosha, masizi hujaa, na gari hukataa kuwaka. Kama injini haijaongezewa nguvu, bakia na namba ya kiwandani. Na usishuke kwenda kwenye ya moto zaidi, kwa kuwa injini nyingi za turbo kutoka Japan ziliundwa zitumie petroli ya daraja la juu, na nafasi ya kukosea ni ndogo.

Vipi kuhusu madini ya ncha? Plagi ya kawaida yenye ncha ya nikeli, ambayo mafundi huiita ya kopa kwa sababu ya shaba iliyomo ndani yake, ni rahisi na hufanya kazi njema, ila huisha mapema: kwa turbo ni busara kuibadilisha kabla ya kilomita 20,000. Platinamu na iridiamu ni ghali, lakini hudumu mara kadhaa zaidi, na ncha nyembamba ya iridiamu huhitaji umeme mdogo kuruka. Kwa injini ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala ubavuni na plagi zake ni taabu kuzifikia, kulipia zinazodumu ni kuokoa pia ujira wa fundi. Hata hivyo, ya kawaida yenye vipimo sahihi ni bora kuliko ya iridiamu yenye vipimo visivyofaa.

Yako mambo ya kufanya kabla ya kwenda dukani. Kwanza, soma alama za injini yenyewe, siyo kadi ya gari pekee. Magari mengi ya umri huu jijini yamekwisha kubadilishwa injini, na injini za turbo za miaka ya baadaye huweza kutaka plagi yenye nyuzi ndefu zaidi. Plagi ndefu kuliko inavyotakiwa huweza kugongwa na pistoni. Pili, chukua plagi ya zamani uende nayo mkononi, na uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi au plagi baridi mno. Unyevu wa oili unaonyesha ugonjwa ambao plagi mpya haitautibu. Kauri nyeupe yenye vipele ni onyo la joto kali: usiendeshe mpaka sababu ijulikane.

Dukani, nunua kwa muuzaji anayetoa risiti ya EFD na asiyekasirika ukifungua kikebe. Tazama kama maandishi kwenye kauri yanasomeka sawasawa, nyuzi ni laini, na ncha imesimama katikati. Plagi ya iridiamu inayouzwa kwa robo ya bei ya wenzake inatoa ushahidi dhidi yake yenyewe. Za mtumba zilizosuguliwa zikang'aa ziache. Ukibaini bidhaa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kupokea malalamiko hayo.

Wakati wa kufunga, injini iwe imepoa, na plagi izungushwe kwa vidole mpaka ikae ndipo spana itumike: nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili kwa plagi mpya yenye washa. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na nyuzi zake zikivunjika gharama yake huzidi ya plagi mara nyingi.

Nimejiuliza mara kadhaa nani alikosea. Kijana wa dukani hakusema uongo, plagi ziliingia. Lakini tunajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamtaka mwenye mali auweke juu watu wauone. Muuzaji anayejua kwamba plagi si ya turbo akanyamaza, ameacha unyevu chini ya rundo. Na asiyejua, basi aseme hajui. Nami mnunuzi sikutaja turbo, sikubeba ya zamani, nilitaka tu kuwahi kurudi ofisini. Sehemu yangu ya kosa naikiri.

Siku hizi plagi nne za zamani zimo katika mkebe wa maziwa chini ya kiti cha dereva. Mwanangu mkubwa aliniuliza kwa nini sizitupi. Nilimfundisha kusoma namba zake.