Mwajiri mdogo na mzigo wa ushahidi

Kwenye nguzo za umeme na milango ya maduka ya miji yetu, tangazo la kazi huwa fupi: anahitajika msichana, umri miaka 18 hadi 25, mwenye mvuto, asiye na mtoto. Aliyelibandika mara nyingi hana nia mbaya. Ana saluni au mgahawa wenye wafanyakazi wanne, anawajua wateja wake, na anaamini kwamba ametaja sifa za kazi. Kisheria, mstari huo mmoja umegusa jinsia, umri na majukumu ya familia, mambo ambayo kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kinakataza yawe sababu ya kumbagua mtu. Kifungu hicho kinamlinda hata anayeomba kazi, na kinataja waziwazi matangazo na vigezo vya kuchagua waombaji. Ubaguzi, basi, unaweza kutendeka kabla mtu hajaingia kazini hata siku moja.

Wengi hudhani kwamba sheria hizi ni za benki, migodi na viwanda. Sivyo. Sera ya maendeleo ya viwanda na biashara ndogo ya mwaka 2003 ilizigawa biashara kwa idadi ya watu, mmoja hadi wanne kwa zile ndogo sana, watano hadi 49 kwa ndogo, lakini kifungu cha 7 hakina mgawanyo huo. Kinamhusu mwenye gereji ya mafundi watatu sawasawa na kinavyomhusu mwenye hoteli ya ghorofa kumi. Na orodha yake ni ndefu: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anapotoka, dini, mtazamo wa kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, virusi vya Ukimwi, umri na mengineyo.

Hata hivyo, si orodha inayomweka mwajiri mdogo pabaya. Kinachomponza ni utaratibu wa ushahidi. Kwa kawaida anayedai ndiye anayethibitisha. Katika shauri la ubaguzi kazini, mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali kwamba alibaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba alichokifanya kinakubalika kisheria. Hapo kampuni kubwa hufungua jalada na kutoa tangazo, alama za usaili na barua za onyo. Mwenye saluni anafungua kumbukumbu zake za kichwani. Chukua mfano wa mhudumu aliyeachishwa kazi wiki chache baada ya kusema kwamba ni mjamzito. Mwajiri anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema kwamba alikuwa akichelewa kwa miezi mingi. Lakini kama hakuna onyo lolote lililowahi kuandikwa, kinachobaki mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni tarehe mbili zinazokaribiana mno, na sheria inasema wazi kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 15 kinaongeza uzito: mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya kazi kwa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa.

Ndiyo maana semina za kuhubiri usawa, kwa maoni yangu, hazimsaidii sana mwajiri huyu. Anachohitaji ni tabia ya kuandika sababu. Tangazo litaje kazi yenyewe: kusuka, kupika, kubeba magunia, kuhesabu fedha. Waombaji wote waulizwe maswali yale yale, na majibu yaandikwe. Aliyechaguliwa aandikiwe kwa nini amechaguliwa, aliyeonywa aandikiwe kosa na tarehe, na karatasi hizo zitunzwe. Haihitaji wakili wala kompyuta. Mtu anayeandika kwenye daftari kila kilo ya sukari aliyokopesha hawezi kudai kwamba mistari mitatu kuhusu mfanyakazi wake inamshinda.

Atakayepinga atasema: biashara ni yangu, fedha ni zangu, namwajiri ninayemwamini, na ninayemwamini ni wa kwetu. Hoja hii si ya kubezwa. Duka linaloendeshwa kwa fedha taslimu huishi kwa uaminifu, na kijana aliyeletwa na shangazi kutoka kijijini ana ukoo mzima unaomdhamini. Lakini duka likikua kutoka watu wawili hadi kumi na wawili, wote wakiwa wa wilaya moja, utaratibu uliokuwa wa kifamilia umekuwa mlango uliofungwa kwa kabila na mahali mtu anapotoka. Sheria inaruhusu kudai sifa ambazo kazi haiwezi kufanyika bila kuwa nazo. Uaminifu ni sifa ya namna hiyo, ukoo siyo. Uaminifu unaweza kupimwa kwa wadhamini na barua ya serikali ya mtaa, na mtu wa kabila lolote anaweza kuvileta.

Pingamizi zito zaidi ni la uzazi. Likizo ya malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, ni mzigo wa kweli kwa mwenye wafanyakazi watatu. Kumwambia asiuhisi ni unafiki. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unalikubali hilo: unataka malipo ya uzazi yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, ili mwanamke asionekane ghali kuliko mwanamume. Kwetu Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) una fao la uzazi kwa wanachama waliotimiza masharti ya michango, lakini mfanyakazi ambaye hakuandikishwa halipati. Hapa serikali ina deni la kuupunguza mzigo huu kwa wadogo. Deni hilo, hata hivyo, halimpi mwenye duka ruhusa ya kuandika "asiye na mtoto" mlangoni.

Sheria inataka pia mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Kumtaka mama mwenye mgahawa atunge mpango kama wa benki ni kujidanganya. Atauacha, na hakuna atakayeuliza. Kamishna atoe fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, lugha ambayo Bunge liliifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021. Fomu hiyo ipatikane mahali mfanyabiashara anapofika tayari: kwa ofisa biashara wa halmashauri anapochukua leseni, na kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapofuata mafunzo. Na wewe uliye na wafanyakazi wawili au watatu, usisubiri fomu: libandue tangazo lililoko mlangoni, ulisome upya, na ufute kila neno ambalo halielezi kazi.