Dogo ana miaka 10, lakini nani ataamini bila cheti?

Tuseme likizo imefika na nyumbani wamekuambia uende na mdogo wako Nairobi kwa shangazi, na doo ikitosha umpandishe SGR akaone bahari Mombasa. Poa sana. Ila kabla hujapiga hesabu ya nauli, jiulize swali moja: utathibitisha vipi kwamba dogo ni mtoto?

Safari ya kutoka Garissa hadi Nairobi haina shida kubwa. Konda hutumia macho. Ukimpakata mtoto, ataachilia. Akikalia kiti, mtabishana kidogo kisha mtaelewana. Lakini kwenye SGR macho hayatoshi. Aliye chini ya miaka mitatu hasafiri kwa tiketi, na wa kuanzia miaka 3 hadi 11 analipa nusu. Mbuga za KWS nazo zina kiingilio cha chini kwa watoto, na hoteli nyingi za bafe huwatoza nusu ya bei ya chakula. Hapo kila mtu ana haki ya kukuuliza: cheti kiko wapi?

Sisi wa huku tuna balaa jingine, urefu. Dogo wa Garissa akifika miaka 11 unaweza kudhani yuko Form Two. Wewe unaapa ni mtoto, mtu wa langoni anacheka. Ukikosa karatasi, lipa ya mtu mzima na unyamaze.

Hasara hiyo ni ndogo. Kubwa iko barabarani. Kijana wa miaka 15 mwenye kimo hicho anashushwa kwenye kizuizi cha polisi na kuulizwa kitambulisho, ilhali sheria haimpi kitambulisho mpaka afikishe 18. Kwa hivyo cheti cha kuzaliwa si cha kupunguziwa bei tu. Ndicho kinachosema yeye ni mtoto wakati mwili wake unasema vingine.

Sasa, kwa nini wengi hawana? Wengi wetu tumezaliwa nyumbani, wengine malishoni mbali na kliniki. Tarehe hukumbukwa kwa matukio: huyu ni wa ukame wa 2011, yule ni wa mafuriko ya El Nino. Karani akitaka siku na mwezi, anaandikiwa Januari 1, mambo yaishe. Ndiyo maana mtaani kuna watu kibao wa "birthday" moja.

Na usifikirie karatasi za utotoni ni mchezo. Dadaab ilianzishwa 1991, na ukame ulipobana, familia za Wakenya waliokuwa jirani na kambi ziliwaandikisha watoto kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Ungekuwa mzazi mwenye njaa, ungefanya nini? Lakini alama za vidole zilibaki kwenye mtambo. Watoto hao walipofika 18 na kwenda kuomba kitambulisho, waliambiwa wao si Wakenya. Walioathirika ni maelfu. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huna kazi rasmi. Shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa lilienda kortini 2021, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikawapa ushindi. Mwezi uliofuata Rais William Ruto akatangaza kufuta ule msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa vijana wa kaunti za mpakani wakiomba vitambulisho.

Msasa ukiondoka, karatasi yako ndiyo inabaki kukutetea. Kwa hivyo fanya hivi. Aliyezaliwa hospitalini hupewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa; iombee cheti kupitia eCitizen au nenda Huduma Centre. Aliyezaliwa nyumbani huandikwa na naibu wa chifu. Ndani ya miezi sita kazi ni nyepesi. Baada ya hapo unahesabiwa umechelewa na unaitishwa ushahidi zaidi, kama kitabu cha kliniki, vitambulisho vya wazazi, au barua ya chifu au ya shule. Wazazi wengi wanaogopa fomu za mtandaoni. Wewe una simu na bando, fanya hiyo kazi.

Na tafadhali, usimfundishe dogo kusema ana miaka 10 kama ana 13 ili uokoe mia chache. Umri ukiwa mmoja shuleni, mwingine kliniki na mwingine kwenye cheti, siku ya kitambulisho ni yeye atakayesota kwenye foleni akieleza, si wewe.

Cheti kikitoka, toa nakala mbili tatu, piga picha uweke kwenye simu, na ile halisi mwachie mama aifungie kwenye sanduku. Halafu kateni tiketi.