Seva ya Hifadhidata Inaposoma Faili Usilolitarajia

Katika mada iliyotangulia ulijifunza hatua za kusakinisha seva ya hifadhidata. Hatua zile hufanya kazi bila shida kwenye kompyuta mpya. Kompyuta za maabara za shule, hata hivyo, zimepita mikono mingi. Unaweza kufuata kila hatua sawasawa na bado seva ikakataa kuwaka, au ikawaka na kufanya mambo ambayo hukuiagiza. Mara nyingi chanzo ni faili la usanidi lililoachwa na mtu aliyekutangulia. Tutatumia MySQL kama mfano.

Faili la usanidi ni faili la maandishi ya kawaida ambalo seva hulisoma kila inapoanza. Humo huandikwa vigezo: seva isikilize kwenye poti gani, data zikae katika saraka gani, itumie kumbukumbu kiasi gani. Kwenye Linux faili hilo huitwa my.cnf, na kwenye Windows my.ini. Vigezo hupangwa kwa vikundi, na jina la kila kikundi huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Kikundi cha [mysqld] ni cha seva yenyewe; [client] ni cha programu zinazowasiliana nayo.

Sasa shika jambo hili, maana ndipo watahiniwa wengi hukosea: MySQL haisomi faili moja. Kwenye Ubuntu huanza na /etc/my.cnf, ikaenda /etc/mysql/my.cnf, kisha .my.cnf katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji. Lile la pili lina agizo la !includedir linaloita mafaili mengine, likiwamo /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf, ambalo ndilo lenye mipangilio mingi ya seva. Kigezo kikiandikwa katika mafaili mawili, thamani iliyosomwa mwisho ndiyo inayotumika. Kikiandikwa mahali pamoja tu, hutumika hata kama faili lenyewe limesahaulika miaka mingi.

Chukua kompyuta iliyowahi kuwa na MySQL 5.7. Fundi wa wakati huo aliandika kwa mkono faili la /etc/my.cnf lenye mistari hii:

[mysqld]
query_cache_size = 16M
port = 3307
bind-address = 0.0.0.0

Baadaye MySQL ile iliondolewa na mfumo ukapandishwa hadi Ubuntu 22.04. Leo wewe unaandika sudo apt install mysql-server, na toleo linalokuja ni 8.0. Usakinishaji unaishia na kosa, huduma haiwaki. Unafungua logi, /var/log/mysql/error.log, na kukuta:

[ERROR] [MY-000067] [Server] unknown variable 'query_cache_size=16M'.
[ERROR] [MY-010119] [Server] Aborting

Ujumbe huu unasema seva imekutana na kigezo isichokijua, ikaacha kazi. Kigezo cha query_cache_size kilikuwa halali katika 5.7, lakini kiliondolewa katika MySQL 8.0, iliyotolewa rasmi mwaka 2018. Seva hairuki neno isilolielewa ndani ya kikundi chake. Husimama hapo hapo. Wewe hukuandika neno hilo popote, kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: limetoka faili gani?

Wanafunzi wengi hawaulizi. Hukimbilia sudo apt purge, kisha wanasakinisha upya, na kosa linarudi vilevile. Sababu ni kwamba apt huondoa mafaili yaliyoletwa na pakiti yake tu, na /etc/my.cnf liliandikwa kwa mkono. Thibitisha kwa amri ya dpkg -S /etc/my.cnf: utajibiwa kwamba hakuna pakiti yenye faili hilo. Kibaya zaidi, wakati wa purge unaweza kuulizwa kama hifadhidata zilizomo /var/lib/mysql zifutwe pia. Anayebonyeza ndiyo kwa haraka hupoteza alama za wanafunzi wote zilizokuwa humo, na tatizo lililomfanya abonyeze bado lipo.

Njia sahihi huanza kwa kusoma. Amri ya my_print_defaults mysqld huonyesha vigezo vyote ambavyo seva ingepewa, kwa mpangilio wa kusomwa. Ukiona --query_cache_size=16M juu kabisa ya orodha, umepata dalili kwamba kimetoka katika faili la kwanza. Kisha ls -l /etc/my.cnf inakuonyesha faili lenyewe na tarehe lilipobadilishwa mwisho. Tarehe ya miaka mingi iliyopita inasema mengi.

Ukishalipata, usilifute. Lisome, kisha libadilishe jina:

sudo mv /etc/my.cnf /etc/my.cnf.zamani
sudo dpkg --configure -a
sudo systemctl restart mysql

Amri ya pili inamalizia usakinishaji uliokwama njiani. Kuhusu kutofuta: kama faili lingekuwa na mstari wa datadir, huenda huo ndio ungekuwa kielekezo pekee cha mahali data za zamani zilipo. Faili lililobadilishwa jina halisomwi na seva, lakini wewe bado unaweza kulisoma.

Wapo wanaofuta mstari wa query_cache_size peke yake. Seva inawaka, wanashangilia. Lakini sasa seva inasikiliza poti 3307, kwa sababu katika mysqld.cnf ya Ubuntu mstari wa port umewekewa alama ya # mbele na hivyo hausomwi. Mwanafunzi anajaribu amri ya mysql kwenye kompyuta ileile, inaingia bila shida, kwa kuwa inapitia faili la soketi na haigusi poti kabisa. Programu ya maktaba inayotafuta 127.0.0.1 poti 3306 inagoma, na lawama zote zinaiendea programu ya maktaba! Katika hali kama hii, seva ikiwa imewaka, iulize yenyewe:

SELECT VARIABLE_NAME, VARIABLE_PATH FROM performance_schema.variables_info WHERE VARIABLE_NAME = 'port';

Jibu litataja faili ambalo kigezo kimetoka. Jedwali hili lipo katika MySQL 8.0, na linaokoa muda mwingi.

Hali ya kinyume nayo hutokea: faili lipo, umeliandika wewe, lakini seva hailitumii. Kwenye Linux, faili lililopewa ruhusa ya 777 hupuuzwa kwa makusudi, kwa kuwa mtu yeyote angeweza kuibadilishia seva mipangilio; onyo hutolewa, ila wachache hulisoma. Kwenye Windows, Notepad huweza kulihifadhi faili kwa jina la my.ini.txt huku wewe ukiona my.ini tu, kwa sababu viendelezi vya majina vimefichwa.

Swali la mfano. Asha amerudisha /etc/my.cnf lenye bind-address = 0.0.0.0 pekee, ili kompyuta nyingine za maabara ziifikie seva. Ameanzisha seva upya lakini bado haifikiki. Faili la mysqld.cnf lina bind-address = 127.0.0.1. Eleza sababu na utoe suluhisho. (Alama 4)

Jibu. Seva husoma /etc/my.cnf kwanza na mysqld.cnf baadaye. Kwa kuwa kigezo kimeandikwa katika yote mawili, thamani ya mwisho, 127.0.0.1, ndiyo inayotumika, na anwani hiyo hupokea maombi ya kompyuta yenyewe tu. Asha abadilishe thamani ndani ya mysqld.cnf, aondoe mstari wake katika /etc/my.cnf, kisha aanzishe seva upya.

Anayejibu kwamba Asha asakinishe MySQL upya hapati alama yoyote. Anayetaja mpangilio wa kusomwa kwa mafaili bila kusema ni thamani ipi iliyoshinda hupata 1.