Nani Kalipa Nauli?

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo shule imeshamwachia mtoto, na chakula cha ghalani kinaelekea kuisha. Ndipo wakala anapopiga hodi: "Kuna kazi ya ndani Dar, mama. Nauli natoa mimi."

Barabara ya Dodoma na ile ya Iringa hukutana hapa Msamvu, Morogoro, kabla ya kuelekea Dar es Salaam, kwa hiyo wengi wa mabinti wanaochukuliwa hivyo hupita stendi yetu.

Nauli ile ndiyo kitanzi. Mshahara wa mwanzo hukatwa kuifidia, wakala huchukua chake kwa mwajiri, kinachobaki bosi husema anamtunzia. Binti hana simu, na mtaa anaolala hajui hata unaitwaje. Mlango unaweza kuwa wazi kutwa nzima na bado asiwe na pa kwenda.

Wengi huamini kwamba mzazi akikubali hakuna kosa. Si kweli. Chini ya Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, anayemchukua au kumsafirisha mtoto ili atumikishwe hawezi kujitetea kwamba mtoto mwenyewe, mzazi au mlezi aliridhia. Na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Pima mwenyewe: binti wa miaka 15 anayeamshwa saa 10 alfajiri kupiga deki, na kulala baada ya wageni kuondoka, anavunjiwa sheria kila siku.

Mzazi simlaumu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na kodi ya geto karibu na shule ya kata bado vinamsubiri yeye. Kijiji kinachochangia vitu hivyo kinamnyima wakala soko.

Kondakta, mama lishe, dereva wa bodaboda: mkimwona mtoto na mtu asiyemjua vizuri, muulizeni anakwenda kwa nani na nani kalipa nauli. Akishindwa kujibu, mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni 116. Simu hiyo ni bure.