Nani Amsemee Mtoto Mahakamani?

Mtoto aliyefikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru akiwa na majeraha ya kipigo hutibiwa na wataalamu wa afya. Lakini swali la nani amlee baada ya kuruhusiwa laweza kuishia mahakamani, na mtoto mwenyewe hana uwezo wa kujitetea.

Kwa Tanzania, jukumu hilo liko kwanza mikononi mwa afisa ustawi wa jamii. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa huyo ndiye huiomba Mahakama ya Watoto amri ya matunzo ili kumwondoa mtoto penye madhara. Sheria hiyo hutanguliza maslahi ya mtoto na kumpa haki ya kutoa maoni yake. Akishaondolewa nyumbani, mtoto aweza kukabidhiwa kwa ndugu, familia ya kuaminika, mlezi wa kambo au makao ya watoto.

Afisa mmoja hubeba mashauri mengi, kuanzia Usa River hadi Ngaramtoni. Ukosefu wa taarifa za kutosha kuhusu mtoto ndio uliomsukuma Jaji David Soukup wa Seattle, Marekani, kuanzisha mwaka 1977 mpango wa raia wanaojitolea. Mjitolea hufunzwa, humtembelea mtoto, huzungumza na walimu, matabibu na walezi, kisha humweleza hakimu aliyoyaona. Yeye si wakili wala mlezi. Kazi yake ni kumfahamu mtoto huyo mmoja vizuri.

Mwananchi wa Arusha anayetaka kusaidia aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake. Huko aweza kuomba kuwa familia ya kuaminika. Njia nyingine ni kusomea usaidizi wa kisheria, unaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ajihoji kwanza kama ataweza kudumu, kwani mtoto aliyekwisha kuachwa huumizwa tena na mtu anayekuja na kutoweka.

Mhudumu wa afya naye ana sehemu yake. Atibu kwanza, penye ukatili wa kingono, dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema, kabla ya saa 72 kupita. Ayaandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, atenganishe aliyoyaona na aliyoyasikia, na ajaze fomu ya PF3 kwa mwandiko unaosomeka. Asimhoji mtoto mara kwa mara, wala asimwahidi kwamba atarudi nyumbani. Shauri laweza kusikilizwa miezi mingi baadaye, na maandishi hayo ndiyo yatakayomsemea.

Yeyote anayeshuku mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, au apige simu namba 116 bila malipo.